Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Dada yangu alirekodi albamu moja tu maishani mwake, na mimi nilikuwepo siku alipoirekodi. Nalitanguliza hilo kwa sababu walioandika habari za kaseti ile hawakuwepo, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba tuliogopa. Waliandika juu ya sauti, juu ya kinanda, juu ya lafudhi. Hofu hawakuisikia, au waliisikia wakadhani ni ufundi wa kuimba.

Tulikuwa tunaishi Kyela mjini, Mama, Dada na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Kabla ya hapo tulikaa Matema, kando ya ziwa, na huko Baba alikufa maji nikiwa darasa la pili. Alikwenda ng'ambo kununua samaki, upepo wa kusini ukaukuta mtumbwi katikati ya safari, na hakuonekana tena. Mama alikaa ufukweni akimwombolezea kwa Kinyakyusa, wimbo mmoja ule ule, asubuhi na jioni. Kwetu wimbo wa namna ile haukuwa wa kumliwaza aliyefiwa. Ulikuwa wa kuliomba ziwa lirudishe mwili ili mtu azikwe. Mwili ukitoka, wimbo unakoma. Wa Baba haukutoka. Siku moja Mama alinyamaza, akakusanya mikeka, tukahamia mjini. Baba hana kaburi mpaka leo.

Dada alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalifunguka ghafla. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilikuwa imerundikwa mpaka darini, kulikuwa na redio kaseti za spika mbili, marobota ya mitumba, betri za kila aina, na kaseti za muziki zilizovuka mto Songwe kutoka Malawi. Mzee alipenda soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, akiupiga kutwa. Dada alishona chini ya spika. Alijifunza kuimba vile kabla hajajua maneno yanasema nini, na kwa vile alikuwa pia mwimbishaji wa kwaya kanisani kwetu, sauti alikuwa nayo tayari. Alitunga nyimbo zake mwenyewe za Kiswahili akikanyaga cherehani. Mzee alizisikiliza kwa muda mrefu, halafu akamwambia ana mpwa wake Dar es Salaam mwenye studio, na kwamba yeye mzee atamlipia.

Mama hakukataa, ila alisema Dada haendi peke yake. Ndivyo nilivyopata kuiona Dar es Salaam, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya.

Studio ilikuwa chumba kimoja uani kwa watu, kuta zimegongomelewa vipande vya magodoro na trei za mayai. Hapakuwa na dirisha. Mpwa wa mzee ndiye alikuwa fundi mitambo, kijana mpole asiyependa maneno, na wapigaji walikuwa wachache: kinanda, gitaa, besi na ngoma. Walirekodi wote pamoja, kwa hiyo mmoja akikosea walianza upya. Dada alitetemeka mpaka akaomba kiti. Aliimba nyimbo za upande wa kwanza akiwa amekaa, mikono ameibana katikati ya magoti, na nyimbo za mapenzi zikatoka kama za mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango.

Walipomaliza, fundi mitambo akasema upande wa pili umebaki na nafasi, na haipendezi kaseti kuisha na ukimya mrefu. Je, ana wimbo mwingine? Dada akanitazama. Nilijua anachofikiria kabla hajafungua kinywa, maana ulikuwepo wimbo mmoja tu ambao sisi wawili tuliujua na ambao hatukuwa tumewahi kuuimba, hata kwa kunong'ona, tangu Matema.

Aliwaomba wanyamaze wote isipokuwa kinanda. Akamwambia mpiga kinanda ashike sauti moja ya chini asiiachie. Kisha akaimba maombolezo ya Mama, yote, kwa Kinyakyusa, bila kukosea neno. Mpiga besi, ambaye alikuwa mtu wa Tanga na hakuelewa hata neno moja, aliweka gitaa lake chini akatoka nje. Mimi nilibaki nimeutazama mlango. Nilihisi kwamba ukifunguliwa sasa hivi, sijui ataingia nani.

Wimbo ulipokwisha fundi mitambo alimuuliza Dada aliutunga lini.

“Sikuutunga,” Dada akasema. “Ni wa mama yangu.”

Tuliporudi Kyela na kaseti ya kwanza, Dada hakumpelekea mzee wala rafiki zake. Alimpelekea Mama. Tulikaa sebuleni watatu, mchana, mlango umefungwa. Mama alisikiliza nyimbo za mapenzi akichambua mchele, akitabasamu kidogo hapa na pale. Ulipoanza wimbo wa mwisho mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hakulia. Ulipoisha hakugusa redio hadi kitufe kilipojifyatua chenyewe.

“Umeuimba vizuri,” alisema. “Lakini mwanangu, wimbo huu hauna mwisho. Mimi niliacha kwa sababu nilichoka, si kwa sababu uliisha.”

Dada akamuuliza kama aufute. Mama alifikiri, akasema hapana, Baba ni wa Dada pia, ana haki ya kumwita. Kisha akaendelea na mchele. Nilimchukia kidogo Mama siku ile kwa kutokukataza. Neno lile, kumwita, lilikaa tumboni mwangu kama kitu nilichomeza kizima.

Kaseti iliingia madukani mwanzoni mwa kiangazi. Kwenye jalada Dada alikuwa amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, amevaa gauni la kuazima. Mzee aliipiga kutwa nzima barazani, na watu wa Kyela waliifurahia kwa namna ya watu wanaofurahia mtoto wao aliyefaulu mtihani. Wapanda baiskeli walisimama kusikiliza. Wauza ndizi waliimba viitikio. Wimbo wa mwisho ulipoanza, watu wazima waliondoka taratibu, na mzee, ambaye hakujua Kinyakyusa cha kina, alidhani wamechoka tu.

Kisha magazeti yakaja. Miaka ile magazeti mapya yalikuwa yakizaliwa kama uyoga, kila moja na kurasa zake za burudani, na yalitufikia na basi la Mbeya yakiwa yamechelewa. Gazeti la kwanza mzee alilisoma kwa sauti barazani, kabla hajapitisha macho kujua limeandika nini, nasi tumemzunguka. Mwandishi alimsema vibaya Dada. Aliona nyimbo zake ni mitumba ya Wamarekani, mikono mirefu kuliko mvaaji. Aliicheka lafudhi yake. Alisema mwimbaji anaimba mapenzi kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Mzee alisoma nusu akaanza kurukaruka mistari, lakini Dada alimwomba amalizie. Alisikiliza akiwa ameshika uzi kinywani, kisha akarudi kwenye cherehani. Jioni ile alishona upande wa ndani wa shati nje.

Gazeti la pili lilikuja baadaye kidogo. Mwandishi wake alikubaliana na yote yaliyosemwa juu ya nyimbo za mapenzi, ila aliandika kwamba wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulimfanya azime redio, akae, kisha aiwashe tena. Alisema hajui maneno yake na hataki kuyajua. Kwa maoni yake nchi hii ilikuwa haijapata kurekodi soul mpaka siku ile. Baada ya hapo mzee akapata simu kutoka kwa mpwa wake. Vituo vipya vya redio vya Dar es Salaam vilikuwa vinaupiga wimbo huo mmoja kila jioni, na watu walikuwa wakiuomba. Haikupita muda tukaanza kuusikia hata kwenye redio tunayoipata huku Kyela.

Watu wa Dar es Salaam walifurahi. Sisi ndipo tulipoanza kuogopa sawasawa.

Shangazi yetu, dada yake Baba, alikuwa amebaki Matema. Alikuja mjini kwa miguu hadi Ipinda na kwa gari la mchele kutoka pale, na hakukubali kukaa wala kunywa maji. Alimwambia Mama, huku akinitazama mimi kama vile mimi ndiye mwenye akili nyumbani mle, kwamba watu wa ufukweni wanausikia wimbo ule kila jioni kutoka kila redio, na wamenyamaza. Walioujua wimbo ule wanajua kazi yake. Mtu mmoja kuuimba mbele ya ziwa ni jambo moja. Nchi nzima kumwita mtu mmoja, kila siku, wala hakuna ajuaye yuko wapi, ni jambo jingine.

“Mnamwita,” alisema. “Na asipoweza kuja yeye, majini kuna wengi. Na wasipokuja wa majini, wa nchi kavu watawafuata huko.”

Dada alijaribu kuuondoa wimbo. Alimpigia fundi mitambo kutoka posta, akamwomba aziambie redio. Fundi mitambo alicheka kwa upole akamweleza kwamba wimbo ukishatoka ni wa watu. Yeye mwenyewe hana uwezo tena wa kuuzuia, kila mtu ana nakala yake. Dada alirudi nyumbani amekunja kitambaa cha kichwa mkononi. Tangu siku ile, kila alipousikia redioni, mahali popote, alisimama mpaka uishe, kama mtu anayepisha jeneza.

Mimi niliacha kuoga mtoni. Nilichota maji bombani hata foleni iwe ndefu namna gani. Usingizini nilimwona Baba, si vibaya, akiwa amesimama tu mlangoni ameshika viatu, na sikuwahi kumwambia yeyote.

Mwezi uliofuata, siku ya soko pale Matema, mtumbwi wa wafinyanzi kutoka Ikombe ulipinduka. Wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kando ya milima, kwa kuwa barabara hakuna. Siku ile upepo wa kusini ulipanda bila dalili. Waliokuwa sokoni walisimulia kwamba vyungu ndivyo vilivyofika kwanza. Vilikuja vimeelea wima, kimoja nyuma ya kingine, vikagonga mchanga na kusimama, na watu wakatazama nyuma ya vyungu wasione mtumbwi. Wanawake waliokolewa na wavuvi. Kijana aliyekuwa akipiga kasia hakuonekana.

Kufikia jioni Kyela nzima ilijua kwamba kijana yule alikuwa na redio kaseti mtumbwini na kwamba ilikuwa ikipiga wimbo wa Dada. Sijui nani aliyeiona hiyo redio. Waliookolewa hawakuitaja. Lakini asubuhi yake wanawake waliokuwa bombani walibeba ndoo zao zikiwa nusu wakaondoka walipomwona Dada anakuja. Mwalimu wa kwaya alikuja kumwomba, kwa heshima sana, apumzike kwa muda. Mzee aliiondoa kaseti rafuni. Alimwita Dada ndani akamwambia haamini maneno yale hata kidogo, ila biashara haibishani na msiba, naye angefanya vizuri kushonea nyumbani kwa siku chache. Mchana huo jiwe moja lilianguka juu ya bati letu. Tulingoja la pili, halikuja, na kulingoja kulikuwa kubaya zaidi.

Kisha mtu aliyetoka Matema na baiskeli akaleta ujumbe: huko wanasema mwimbaji akionekana, atatupwa majini akamfuate aliyemwita.

Dada alikaa kitandani amejifunika kanga mpaka puani, kwenye joto lile la Kyela. Alisema ataondoka na basi la asubuhi kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya popote. Nilianza kufungasha nguo zake na zangu. Mama aliingia akatukuta, akazitoa nguo kwenye begi moja baada ya nyingine.

“Tunakwenda msibani,” alisema.

Nilimwambia wataua mtu.

“Asiyekwenda msibani ndiye aliyeua,” Mama akasema. “Vaeni.”

Tulipata pikapu ya mnunuzi wa mpunga. Njia yote niliomba gari likwame, na lilikwama, zaidi ya mara moja, na kila mara watu walitokea mashambani wakalisukuma. Baada ya Ipinda, milima ya ng'ambo ya ziwa ilipoanza kuonekana mbele, Dada alishika mkono wangu na kucha zake zikaniingia.

Msiba ulikuwa kwenye ua wenye migomba, nyuma kidogo ya ufukwe, kwa jamaa wa marehemu walioolewa Matema. Wanaume walikuwa wamekaa upande mmoja, wanawake upande mwingine kwenye majani makavu. Tulipoingia maneno yalikatika. Nilisikia mawimbi. Shangazi alikuwepo. Alituona akageuzia uso pembeni. Mwanaume mmoja alisimama, akatembea polepole mpaka njia tuliyoingilia, akasimama hapo mgongoni kwetu. Nilielewa kwamba hatutoki.

Mama alikwenda moja kwa moja kwa mama wa kijana, akapiga magoti, akampa pole. Nasi tukapiga magoti nyuma yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfinyanzi, udongo bado umekauka kwenye vifundo vya vidole vyake. Kinyakyusa chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo alisema Kiswahili, na watu wote walikisikia.

“Wewe ndiye unayeimba redioni?” alimuuliza Dada.

“Ndiyo, mama.”

“Ulimwita mwanangu?”

“Hapana, mama. Nilimwita baba yangu.”

Mwanamke alikwangua udongo kidoleni.

“Amekuja?”

“Hajaja.”

“Basi unajua,” akasema. Akajishika goti, akainuka. “Twende ukamwite wangu.”

Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetusaidia. Tulikwenda ufukweni, yule mama mbele, sisi nyuma yake, na msiba wote nyuma yetu. Mchana ulikuwa umepinda. Upepo ulikuwa umetulia ila ziwa bado lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochafuka, na vipande vya vyungu vilikuwa vimetapakaa kwenye mchanga. Yule mama aliingia mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akasimama, akamngoja Dada.

Dada alifungua kinywa na sauti haikutoka. Alijaribu tena, ikatoka pumzi. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Nilisikia mwanaume mmoja akisema redioni anaweza. Nilimwona Shangazi ameweka mikono kichwani, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba naye alikuwa akituogopea.

Ndipo Mama alipoanza. Hakuwa ameimba tangu alipokunja mikeka yake kwenye ufukwe ule ule. Sauti yake ilikuwa imezeeka na ilianza chini mno, kwa hiyo ilibidi Dada amfuate huko chini, na alipokwishaipata njia, akaingia. Waliimba wote wawili. Penye jina la Baba, Mama alimuuliza yule mwanamke kwa ishara, naye akataja la mwanawe, wakaliweka hapo.

Mimi sikuimba. Nitasema nilichokuwa nikikifanya, maana ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Nilikuwa nikiyaangalia maji na kuomba yasitoe kitu. Watu wote pale walikuwa wakiomba kijana atoke, nami niliomba asitoke, kwa sababu niliona waziwazi, kama ninavyoona karatasi hii, kwamba wakiendelea vile atatoka mwingine kwanza. Atatoka Baba, baada ya miaka yote hiyo, na itabidi nimtambue. Kila wimbi lililorudi nyuma nililitazama chini yake. Nikakaa mchangani, na mwanamke nisiyemjua akanishika mabega akidhani ninalia.

Hakutoka mtu siku ile. Waliimba mpaka yule mama aliposema imetosha, akamshukuru Dada, “Ndaga,” kwa Kinyakyusa, na kumshika mkono mbele ya watu. Tuliporudi uani, mwanaume aliyesimama mgongoni kwetu hakuwa njiani tena. Shangazi alitupikia.

Asubuhi wavuvi walimkuta kijana kwenye matete karibu na mdomo wa mto, akiwa mzima wa mwili, ametulia. Alizikwa siku hiyo hiyo. Tuliporudi Kyela habari ilikuwa imetutangulia, na wanawake bombani walimwachia Dada nafasi ya mbele.

Nilidhani yamekwisha. Dada pia alidhani hivyo, kwa siku kadhaa alishona akiimbaimba. Kisha mtu akaja na baiskeli kutoka Bujonde: mjomba wake amezama akivuka mto, je, mwimbaji anaweza kufika? Dada akaenda. Mwili ukaonekana. Akaja mwingine, kutoka upande wa bandari. Watu walimsalimia Dada sasa kwa kuinama zaidi kuliko umri wake ulivyostahili, na watoto, ambao mwanzo walimkimbia kwa kuwa ameua, walimkimbia kwa kuwa anaongea na waliokufa. Mlango ukibishwa, sote watatu tulitazamana kwanza. Hakuna aliyetuletea habari njema tena. Ukiona baiskeli imeegeshwa nje, ujue kuna mtu majini.

Masika ikaja, mito yote ikapanda. Walimfuata Dada kwa ajili ya mtoto wa kike aliyechukuliwa na maji akivuka kwenda shule. Aliimba ukingoni, mvua ikimnyeshea, mpaka sauti ikawa kama ya kukwaruza chungu. Mtoto hakuonekana. Baba wa mtoto hakumlaumu. Alimuuliza tu, kwa adabu, kama amekosea jina. Dada aliporudi nyumbani alimwambia Mama kwamba angeweza kuvumilia mawe ya juu ya bati maisha yake yote, lakini swali lile hawezi kuulizwa mara ya pili. Hakuimba tena peke yake, popote. Hata mzee alipomletea habari kwamba mpwa wake anataka albamu ya pili, kwamba Dar es Salaam wanaisubiri, alimshukuru akasema hapana.

Yule mwandishi wa gazeti la pili alisafiri mpaka Kyela kumwona. Alikuwa kijana mwenye miwani, amechakazwa na safari, mwenye heshima zake. Dada alimpikia wali na mbasa, samaki wa ziwani kwetu, akamjibu maswali yote juu ya nyimbo za mapenzi, nani alipiga gitaa, wapi alijifunza. Alipouliza juu ya wimbo wa mwisho Dada aliinuka kwenda kutazama moto. Mwandishi akamgeukia Mama, na Mama akamwambia ule si wimbo. Kijana alicheka, akaandika neno hilo. Nilitaka kumwambia mimi. Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi nikiwa na maneno yote tayari, nikamtazama akipanda, na nikaona hana pa kuyaweka.

Makala yake ilitoka na picha. Aliandika kwamba mwimbaji mkubwa kuliko wote wa soul nchini ameacha muziki kwa sababu anajiandaa kuolewa, na kwamba hiyo ndiyo hasara ya sanaa yetu, wanawake wanatoka studio wanaingia jikoni. Nilikasirika nikataka mzee atuandikie barua ya kukanusha. Dada alinisikiliza hadi mwisho.

“Waache,” alisema. “Afadhali waamini hivyo.”

Na kweli aliolewa, mwaka uliofuata, na mwalimu wa Makwale aliyetoka Dodoma, mtu asiyejua kuogelea wala asiyeona sababu ya kujua. Wana shamba la kokoa na watoto watano. Katika kwaya ya kule anaimba safu ya kati, katikati ya wenzake, na ukienda ibadani huwezi kuitenga sauti yake. Mimi nimekaa Mbeya miaka mingi sasa, juu milimani, mbali na maji yoyote ya kina. Lakini mvua za masika zinapoanza nampigia Dada simu kila asubuhi, na kabla sijauliza habari za watoto, namuuliza mito imefika wapi.